Rozari Mbili za Alhamisi

Ndugu zangu, kaeni. Wenye watoto sogeeni huku mbele, nafasi ipo. Najua mmechoka, na mimi nimechoka, sitawaficha. Kila mwezi wa Rozari ukifika naulizwa maswali yaleyale, mlangoni pa kanisa, njiani, hata kwenye matanga. Padre, Alhamisi tusali Matendo ya Furaha kama zamani, au Matendo ya Mwanga? Padre, ile "Ee Yesu wangu, utusamehe dhambi zetu" inayosemwa mwisho wa kila kumi, ni lazima? Padre, fulani akiongoza anaongeza sala nne mwishoni, tunarudi nyumbani giza limeingia, mkataze.

Basi leo nijibu, tumalize. Matendo ya Mwanga yaliongezwa na Baba Mtakatifu mwaka elfu mbili na mbili. Aliyapendekeza, hakumlazimisha mtu. Ile "Ee Yesu wangu", sala ya Fatima, imeenea kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, ni sala nzuri, nayo si sharti. Anayesali matendo kumi na tano hajatenda dhambi, na anayesali ishirini hajamzidi mwenzake utakatifu. Jibu limekwisha. Mmeona lilivyo fupi?

Sasa mimi niwaulize ninyi. Kama jibu ni fupi hivyo, mbona ugomvi ni mrefu? Nadhani ugomvi wetu hautokani na kutojua. Nisikilizeni niwaeleze habari ya mama mmoja, tumwite Eufemia.

Eufemia alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Aliishi katika kijiji cha milimani, kule ambako kahawa hupandwa mpaka kwenye kingo za makorongo na kila nyumba hutazamana na nyingine ng'ambo ya bonde. Mume wake, Betram, alikuwa katekista kwa miaka thelathini na mmoja, na watu wote walimwita Mwalimu. Ukimwona mtu yeyote wa kijiji kile anafanya ishara ya msalaba bila kuchanganya bega la kushoto na la kulia, ujue ni kazi ya Mwalimu Betram. Aliwaandaa kwa ubatizo, kwa komunyo ya kwanza, kwa ndoa, na padre alipochelewa kwa sababu ya tope, ni yeye aliyewazika.

Kisha asubuhi moja, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia wote ukafa. Ulimi nao ukawa mzito. Maneno yake yalibakiwa na vichwa tu, mikia ilipotea.

Miaka minne ikapita hivyo. Mnajua kumuuguza mtu mzima miaka minne maana yake nini? Wapo humu wanaojua, nawaona wameinamisha macho. Alfajiri Eufemia alimsafisha, akambadilisha nguo, akamlisha uji kwa kijiko, kijiko kimoja kikiingia na nusu yake ikirudi kidevuni. Akashuka bondeni kuchota maji, akapanda. Akafua. Akamgeuza. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia, "Mama, mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo mgongo utaoza." Akamgeuza. Mtu huyu alikuwa mrefu, mwenye mifupa mizito, na Eufemia alikuwa mwanamke mdogo, kiuno kimekwisha. Binti yao aliolewa mbali, Mbeya, naye alipiga simu kila Jumapili kuuliza, "Baba anaendeleaje?" Eufemia alijibu, "Hajambo." Angesema nini?

Mwezi wa kwanza watu walijaa. Walileta unga, wakaleta kuku, wakakaa wakasimulia jinsi Mwalimu alivyowachapa fimbo za vidole kwa kusahau Amri za Mungu. Mwezi wa pili walipungua. Baada ya mwaka walisalimia barabarani: "Mwalimu anaendeleaje?" Nao wakapita kabla jibu halijafika.

Tena Eufemia mwenyewe alikuwa na aibu moja ambayo hakumwambia mtu. Yeye, mke wa katekista, alikuwa hamalizi tena Rozari. Akikaa jioni kando ya kitanda, alianza vizuri, "Salamu Maria," ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwenye ya sita au ya saba kichwa kilianguka kifuani. Akizinduka hakujua alikuwa wapi. Alijilaumu. Alidhani Mungu anamhesabia.

Mwaka ule wa nne, kuelekea mwezi wa kumi, akaona kitu alichokuwa akikiogopa. Chini ya kiuno cha Mwalimu ngozi ilikuwa imechubuka. Baada ya siku chache ikawa kidonda, na kidonda kikaanza kunuka. Godoro nalo lilikuwa limelowa na kuoza katikati. Lilitakiwa litolewe, lioshwe, lianikwe siku nzima juani, na mgonjwa alazwe mahali pengine kwa siku ile. Ungelifanya hivyo peke yako? Hata ungekuwa na nguvu, ungemweka wapi mtu wakati huo huo unavuta godoro?

Alikwenda parokiani. Padre wa huko alimsikiliza kwa upole, akaandika jina la Mwalimu kwenye nia za Misa ya Jumapili. Jina likasomwa, watu wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Eufemia akarudi nyumbani, akamgeuza mume wake peke yake.

Ndipo ratiba ya mwezi wa Rozari ilipotangazwa. Jumuiya yao ilikuwa na desturi ya kusali nyumba kwa nyumba, kila siku saa kumi alasiri, na jina la Eufemia lilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili. Mnajua katika jumuiya zetu, kabla ya kuanza, kiongozi humwuliza mwenye nyumba, "Mama, nia yako ni nini?" Eufemia akajiambia, siku hiyo nitasema. Nitasema mbele ya wote, kwa kinywa changu, nisione haya. Nitasema, nia yangu ni kwamba nimeshindwa kumwinua. Nipeni watu wawili asubuhi na wawili jioni. Nisaidieni kulitoa godoro. Aliyarudia maneno hayo sentensi kwa sentensi akipukuchua mahindi, kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa kipaimara.

Alhamisi ikafika. Alifagia uwanja, akaosha mashuka, akachoma majani ya mkaratusi chumbani kupunguza harufu. Alichota ndoo mbili asubuhi. Moja aliitumia kwa Mwalimu. Nyingine akachemshia magimbi na chai ya tangawizi, sufuria kubwa, maana wageni watakuwa wengi na hakutaka ionekane kwamba nyumba ya Mwalimu imekuwa nyumba ya njaa. Kisha akamgeuza mume wake alale ubavu, uso ukiangalia mlango, ili awaone wanafunzi wake wakiingia.

Wakaja zaidi ya ishirini. Wengine walikaa chumbani chini kwenye mkeka, wengine sebuleni, wengine barazani. Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, jicho la kushoto likilengwalengwa na machozi. Eufemia alisimama karibu na mlango, mikono ameifunga ndani ya kanga, sentensi zake tayari mdomoni.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Mzee Hyera, mtu wa miaka sabini na ushei, mwenye Rozari ya mbao nyeusi aliyopewa siku ya ndoa yake. Akasimama, akakohoa, akasema, "Tumsifu Yesu Kristu. Leo ni Alhamisi. Tutatafakari Matendo ya Furaha. Tendo la kwanza."

Kabla hajavuta pumzi, katibu wa jumuiya, Mama Ditrika, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mchapakazi, aliyekuwa ametoka kwenye semina jimboni na kijitabu kipya mkononi, akasema, "Samahani, mwenyekiti. Alhamisi ni Matendo ya Mwanga."

"Alhamisi ni Furaha," Mzee Hyera akajibu, bila kugeuka.

"Ilikuwa Furaha, baba. Sasa ni Mwanga. Imeandikwa hapa."

"Imeandikwa na nani? Mimi nimesali Rozari hii kabla wewe hujazaliwa. Zaburi ni mia na hamsini, Salamu Maria ni mia na hamsini. Wazee walipanga kwa hesabu. Ninyi mnatia kumi hapa, kumi pale, halafu 'Ee Yesu wangu', halafu Mikaeli, halafu Huruma, halafu litania. Sala imekuwa kama gunia, kila apitaye anatupia lake!"

Wazee wakacheka na kugonga mikeka. Mama Ditrika uso ulimwiva.

"Kwa hiyo Baba Mtakatifu ni mpita njia?" akauliza. "Ubatizo wa Bwana ni mzigo? Ekaristi ni mzigo? Tunaruka kutoka kumkuta hekaluni akiwa mtoto mpaka bustani ya Getsemane, kana kwamba katikati hakufanya lolote. Mwenyekiti, wewe hutaki kwa sababu hujayakariri!"

Hapo wanawake nao wakashangilia. Mmoja barazani akapendekeza yasaliwe yote mawili, Furaha kwanza na Mwanga baadaye. Mwingine akamjibu kwamba ana ng'ombe wa kukamua. Mwingine akauliza, je, tukisali ya zamani bila sala ya Fatima, itahesabika? Sauti zikapanda. Chai ikapoa.

Eufemia alingoja. Alidhani watamaliza upesi, kisha ataulizwa nia yake. Alipoona hawamalizi alisema, "Jamani." Hakuna aliyesikia. Alikuwa na sauti ndogo siku zote, na miaka minne ya kusema na mtu asiyejibu ilikuwa imeipunguza zaidi.

Mzee Hyera akainua mkono. "Tusishindane. Tuko nyumbani kwa Mwalimu. Ni yeye aliyetufundisha sote. Tumwulize yeye." Akainama juu ya kitanda, akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu na mgonjwa wakidhani amekuwa kiziwi, "Mwalimu! Leo tusali nini? Utuambie wewe!"

Nyumba ikanyamaza. Mwalimu Betram alifungua kinywa. Midomo ilikuwa imekauka, imepasuka pembeni. Alijitahidi mpaka mshipa ukasimama shingoni, akatoa sauti moja.

"Mmma."

"Mwanga!" Mama Ditrika akasema, akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe? Anasema Mwanga."

"Wapi! Anasema Maria," Mzee Hyera akasema. "Anasema, mwacheni Maria na Rozari yake kama ilivyokuwa."

"Mmma," Mwalimu akarudia, na jicho likawapita wote, likamtafuta mke wake.

"Anaomba maji," Eufemia akasema.

Wachache walio karibu naye walimsikia. Mmoja akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akageuka kusikiliza ugomvi, maana ulikuwa umeanza upya, na sasa kila upande ulikuwa na shahidi.

Eufemia akaenda jikoni. Ndoo ya kwanza tupu. Ndoo ya pili tupu, yote ilikuwa ndani ya ile chai. Akaona vikombe vilivyopangwa kwenye sinia, akataka kumpelekea chai, akakumbuka kwamba tangawizi humpalia, na wiki iliyopita alikohoa mpaka akawa wa bluu. Akachukua ndoo. Akapita kwa mlango wa nyuma, akaushika mteremko. Watu barazani walimwona akipita na ndoo. Mmoja alimsalimia.

Ndugu zangu, watu ishirini na zaidi, wenye mikono mizima. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama, lete hiyo ndoo."

Kisimani hapakuwa na mtu. Alijaza ndoo, akakaa kwenye jiwe kupumzisha kiuno kabla ya kupanda. Mkono ukaingia mfukoni ukaikuta Rozari. Akajaribu. "Salamu Maria, umejaa neema." Akakwama hapo. Hakuwa amesahau. Hakuwa na kitu kilichobaki cha kusukumia maneno. Akatazama maji yakitoka kwenye mwamba, na wazo likamjia ambalo halijawahi kumjia katika ndoa ya miaka arobaini na miwili: kwamba asirudi. Kwamba akae hapa hapa kwenye jiwe. Wako wengi kule juu, wanajua kusali, wamhudumie wao. Alikaa na wazo lile kwa muda, hakulifukuza, alichoka hata kulifukuza. Kisha akalikumbuka jicho lile lilivyokuwa likimtafuta. Akajitwisha ndoo, akapanda.

Alipofika nyumbani, uwanja ulikuwa mtupu. Viatu vyote vimeondoka barazani. Vikombe vilikuwa vimetumika, magimbi yameliwa. Akadhani wako ndani wamenyamaza, wanatafakari. Akaingia. Mkeka ulikuwa mtupu.

Walikuwa wameshindwa kukubaliana. Wazee walifuatana na Mzee Hyera kwenda kwake kusali Matendo ya Furaha, na wengine walikwenda kwa Mama Ditrika kusali Matendo ya Mwanga. Kila upande uliondoka ukidhani upande mwingine utaacha mtu wa kumuaga mama mwenye nyumba.

Na Mwalimu alikuwa sakafuni. Labda alijaribu kuwafuata, labda alijaribu kuufikia ule mkono wa mkewe ambao haukuwapo, hakuna ajuaye. Alikuwa ameteleza ubavuni mwa kitanda, uso umeegemea udongo, shati limepanda mgongoni na kile kidonda kiko wazi.

Eufemia alimgeuza kichwa, akampa maji. Alikunywa kikombe kizima, akanywa cha pili. Kisha akamshika kwapani, akavuta. Hakusogea. Akajaribu tena kutokea upande mwingine, kiuno kikalia, akaanguka naye. Akatoka mlangoni, akaita, "Jamani! Nisaidieni!" Nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa, wote wameenda kusali. Akanyamaza asikilize kama kuna atakayeitikia. Ndipo akazisikia. Kutoka mteremko huu, kwa Mzee Hyera, "Salamu Maria, umejaa neema." Kutoka ng'ambo ya bonde, kwa Mama Ditrika, "Salamu Maria, umejaa neema." Rozari mbili, sauti nzuri, watu wa milimani wanajua kuimba. Zilipishana kidogo tu. Na baadaye kila upande ukataja nia, na nia ilikuwa ileile: kwa ajili ya Mwalimu wetu mgonjwa.

Alingoja wamalize, akidhani mmoja angepita kuaga. Hakupita mtu. Jua likazama. Basi akachukua mablanketi, akamtandikia pale pale sakafuni, akamlaza ubavu, akalala mgongoni kwake ili asibingirike. Asubuhi iliwakuta hapo.

Ijumaa, jua likiwa limechomoza vizuri, Mzee Hyera akabisha hodi. Usiku alikuwa hakulala sawasawa, kuna kitu kilimsumbua, na alitaka kuweka mambo sawa. Aliingia kofia mkononi, macho bado yamejaa mwanga wa nje, hajaona sakafu. "Mama," akasema, "nimekuja kukupa moyo. Jana tulimsalia Mwalimu Rozari nzima. Matendo ya Furaha yote matano, hatukuruka hata moja."

Eufemia alikuwa amepiga magoti kichwani kwa mume wake. Hakukasirika. Hakuwa na nguvu ya kukasirika.

"Asante, baba," akasema. "Shika miguu."

Mzee akatazama chini. Kofia ikamwanguka.

Kabla hajainama, Mama Ditrika naye akawa mlangoni, kijitabu kwapani. "Shangazi, samahani kwa jana. Lakini tulimwombea sana Mwalimu, Matendo ya Mwanga, na sala ya Fatima, na litania yote."

"Asante, mwanangu," Eufemia akasema. "Weka kitabu hapo. Shika kiuno. Taratibu, kuna kidonda."

Wakamwinua watatu. Mama Ditrika alipotia mkono chini ya kiuno, vidole vyake vikagusa kile kidonda, na harufu ikamfika. Akalia kwa sauti. Mzee Hyera hakuiachia miguu mpaka walipokwisha kumlaza juu ya mablanketi upande wa pili wa chumba. Kisha akalitazama godoro.

"Mama," akauliza, "hili limekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu kabla ya mwezi huu kuanza."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia jana," Eufemia akasema. "Nilikuwa nangoja mniulize nia yangu."

Wakalitoa godoro, Mzee Hyera upande mmoja na Mama Ditrika upande mwingine, wakaliosha, wakalianika. Mama Ditrika alishuka kisimani mara tatu. Jumamosi walikuja watu wanne. Wiki iliyofuata walikuja wengi, mpaka Eufemia alipata kulala mchana kwa mara ya kwanza katika miaka minne, akalala kama jiwe. Nisiwadanganye, baadaye walipungua tena, ndivyo tulivyo. Walibaki wawili tu waliofika kila siku, asubuhi huyu na jioni yule, na Alhamisi wote wawili kwa pamoja. Kidonda kilikauka polepole, kikafunga siku za Majilio, Noeli ikikaribia. Mwalimu Betram aliishi mpaka baada ya Pasaka, akafa akiwa safi, kwenye godoro kavu. Kuhusu matendo ya Alhamisi, wale wawili hawajakubaliana mpaka leo.

Sasa sisi.

Nilitaka mtazame jambo moja, wapendwa. Katika Matendo ya Furaha, yale ya Mzee Hyera, tendo la pili ni lipi? Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti. Alikwenda kwa haraka, nchi ya milimani, akakaa miezi mitatu kwa mama mzee mwenye mimba. Mnadhani miezi mitatu walikuwa wakiimba tu? Nani alikuwa akiteka maji? Nani alikuwa akiosha vyombo? Na katika Matendo ya Mwanga, yale ya Mama Ditrika, tendo la pili ni lipi? Arusi ya Kana. Watu wote wanakula, wanacheka, na Maria peke yake anaona kwamba divai imewaishia wenye nyumba. Wenye nyumba hawakusema. Aliona. Na kuna watumishi pale, hata majina yao hatuyajui, waliochota maji wakajaza mabalasi sita mpaka juu.

Wangesali ya zamani, wangekutana na mama anayekwenda kusaidia. Wangesali mapya, wangekutana na mama yuleyule anayetambua kilichopungua. Waligombea mlango upi waingilie, na ndani alikuwa mtu mmoja akiwangoja.

Wala msidhani mapadre tuko nje ya hesabu hii. Nani aliandika jina kwenye karatasi akaona amemaliza? Nami nimeandika majina mengi. Mengine niliyasoma Jumapili iliyopita hapa mbele yenu, na sijaenda kwenye nyumba hata moja.

Kwa hiyo nendeni mkasali. Wenye matendo kumi na tano salini, wenye ishirini salini, na yule mama anayesinzia kwenye Salamu Maria ya sita asijilaumu, Mama wa Mungu anamjua kwa jina. Lakini keshokutwa mkikusanyika katika nyumba ya mtu, kabla hamjaulizana ni siku gani na matendo gani, mwulizeni kwanza mwenye nyumba, "Mama, nia yako ni nini?" Kisha nyamazeni mpaka amalize kusema, hata kama sauti yake ni ndogo. Na akisema, msimjibu, "Tutakuombea." Inukeni kwanza.